Waacheni Wachore Farasi kwa Picha

Kuna hukumu moja inayotolewa haraka mno popote wachoraji wa Afrika Mashariki wanapokutana, iwe kwenye mabanda ya Tingatinga pale Oysterbay, iwe kwenye darasa la sanaa la shule ya sekondari: huyu ameiga picha. Ikishatamkwa, hakuna anayeangalia tena mstari, kivuli wala vipimo. Kijana aliyehangaika siku kadhaa na mguu wa nyuma wa farasi anayemwona kwenye kioo cha simu huambiwa hajachora, amenakili. Kisha hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba atoke nje akachore kitu kilicho hai mbele ya macho yake. Wa pili ni kwamba aweke simu chini achore kinachomtoka moyoni.

Ushauri huo wote ukiufikisha Nyakanazi, unamfungia kijana mlango.

Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ni njia panda. Barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Isaka na Kahama hufika hapo ikagawanyika: mkono mmoja unashika Kakonko na Kibondo kuelekea Kigoma, mwingine unaendelea hadi Lusahunga, ambako wanaokwenda Biharamulo na Bukoba huachana na wanaokwenda Ngara na mpaka wa Rusumo. Malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita usiku na mchana. Mchoraji wa mahali kama hapa hakosi cha kutazama: tairi zilizorundikwa kwa fundi, turubai zilizofungwa kamba, bodaboda na abiria wawili nyuma, mama ntilie na masufuria yake, ng'ombe wanaovushwa lami. Hakosi kazi pia, maana kila saluni inataka sura ya kijana aliyenyolewa vizuri ukutani na kila bucha linataka kichwa cha ng'ombe.

Farasi hayupo. Ila anahitajika. Kanisa linataka wale farasi wanne wa kitabu cha Ufunuo, mweupe, mwekundu, mweusi na wa kijivujivu, au gari la moto lililomchukua Eliya. Parokia inamtaka Mtakatifu Joji na mkuki wake. Mwenye bajaji anataka yule farasi wa Ferrari aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Na hata bila mteja yeyote, yupo kijana anayempenda mnyama huyu kwa umbo lake tu, kama wachoraji wa nchi nyingi walivyompenda kwa maelfu ya miaka. Swali la haki la kumuuliza mlinzi wa sanaa halisi ni hili: huyu kijana amtoe wapi farasi aliye hai?

Kukosekana kwa farasi katika sehemu hizi kuna sababu zake, na wanaohubiri kuchora kutoka kwenye uhai wangezijua wangepunguza ukali. Si mbali na Nyakanazi kuna misitu na vichaka vilivyokuwa kwa miaka mingi mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Hiyo ni nchi ya mbung'o. Sotoka ilipofyeka mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, malisho mengi yaligeuka vichaka na mbung'o wakaongezeka. Mdudu huyo hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa ambao David Bruce aliugundua uhusiano wake na mbung'o kule Zululand katikati ya muongo huohuo. Ng'ombe huugua nagana. Farasi huangamizwa nayo. Juu ya hilo kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao kwa farasi wasio na kinga unaweza kuua tisa kati ya kumi, wakati pundamilia huubeba mwilini bila hata kuonyesha dalili. Ndiyo maana pundamilia anachunga ndani ya Burigi-Chato na farasi hayumo.

Historia imeandika gharama ya jambo hili. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali. Miaka 300 kabla yake, farasi wa msafara wa Mreno Francisco Barreto walikufa kule Sena, kando ya mto Zambezi. Wareno hawakuyajua maradhi ya nchi hizi. Wakawashutumu wafanyabiashara Waislamu wa mji ule kwamba wamewatilia wanyama sumu, wakawaua watu kwa kosa la mdudu. Farasi wa Afrika Mashariki amebaki mnyama wa mahali penye fedha na dawa. Sayyid Said alikuwa nao Unguja, na mwaka 1840 meli yake Sultana ilifikisha New York farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa Rais Van Buren. Leo wapo wa Jeshi la Polisi, katika Kikosi cha Mbwa na Farasi, wapo wa mashindano katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, na wapo wa klabu na mashamba ya watu wenye uwezo. Kutoka Nyakanazi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Anayemwambia mtoto wa Nyakanazi achore farasi aliye hai anamwambia alipe nauli hiyo kwenda na kurudi, alale mjini, aombe ruhusa getini, ndipo ashike penseli. Ushauri unaoweza kufuatwa na watoto wa mitaa ya kitajiri kama Karen na Masaki peke yao hauwezi kuwa kanuni ya sanaa.

Kanuni yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka Ulaya, kwa watu waliokuwa na farasi mlangoni. Leonardo da Vinci alipima farasi katika mazizi ya wakubwa wa Milano. Rosa Bonheur, alipokuwa akiandaa mchoro wake mkubwa wa soko la farasi la Paris katika miaka ya 1850, alikwenda sokoni mara mbili kwa wiki amevaa suruali kwa kibali cha polisi, maana mwanamke hakuruhusiwa kuvaa hivyo. Bidii yake ni ya kuheshimiwa. Lakini soko lilikuwepo. Katika miji ile farasi alivuta mkokoteni, basi, jeneza na mzinga; mchoraji alimkuta barabarani kama vile mchoraji wa Nyakanazi anavyokutana na lori. Kwa watu hao kuchora kutoka kwenye uhai lilikuwa jambo la kawaida kabisa, halikuwa na utakatifu wowote. Sisi tumelichukua kama amri.

Na hata hao waliokuwa na farasi kila siku, macho yao yaliwadanganya. Hapa ndipo hoja ya wapinga picha inapovunjika kabisa.

Mwaka 1821 Théodore Géricault alichora mbio za farasi za Epsom, Uingereza. Alikuwa mpanda farasi hodari aliyewapenda na kuwachora tangu ujana. Katika mchoro ule, ambao upo Louvre, farasi wanne wanakwenda shoti huku miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma, yote minne hewani, matumbo yakikaribia nyasi. Ndivyo wachoraji wengi wa zama zile walivyochora mbio. Hakuna farasi anayekimbia hivyo. Ernest Meissonier, mchoraji Mfaransa wa vita vya Napoleon, alitaka kuujua ukweli kwa njia ileile inayohubiriwa leo: alijenga reli ndogo kwenye eneo lake la Poissy, akawa anasukumwa ndani ya kigari sambamba na farasi anayekimbia huku akichora. Alikuwa na mali, muda, farasi na jicho kali kuliko wengi. Bado mwendo ulimshinda.

Jibu lilitoka kwenye kamera. Juni 1878, katika shamba la Leland Stanford huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akatandaza nyuzi, na farasi jike aitwaye Sallie Gardner alipopita mbio alizikata moja baada ya nyingine na kila uzi ukafyatua kamera yake. Picha zilionyesha kwamba farasi anayekwenda shoti huwa kweli hewani kwa muda mfupi, lakini wakati huo miguu yake imekusanyika chini ya tumbo. Ikinyooshwa, mmoja au zaidi huwa umeshagusa ardhi. Wasanii waliovutwa na jambo hilo hawakuona haya kujifunza. Mwaka 1881 Meissonier alimkaribisha Muybridge nyumbani kwake Paris, akawaita wasanii wenzake waje waone picha zile. Mmarekani Thomas Eakins alizitumia kupanga miguu ya farasi wanne wanaovuta gari katika mchoro aliouanza mwaka 1879. Muybridge alipotoa kazi yake kubwa ya kurasa 781 za picha za mwendo mwaka 1887, Edgar Degas alichukua penseli akanakili farasi kutoka humo. Degas huyu alikuwa ameshachora mbio za Longchamp kwa miaka mingi. Alikuwa na farasi, alikuwa na kipaji, alikuwa na jina, na bado alikaa mbele ya picha akajifunza mguu unavyopinda.

Kama Degas aliruhusiwa, ni nani wa kumkataza kijana wa Nyakanazi?

Wapinzani wana jibu moja zito, na ni haki kulileta kwa nguvu zake zote. Mchongaji Auguste Rodin, katika mazungumzo na Paul Gsell yaliyochapishwa mwaka 1911, alimtetea Géricault. Kwake msanii ndiye aliyesema kweli na kamera ndiyo iliyodanganya, kwa sababu katika maisha muda hausimami, na farasi wa Géricault wanaonekana kukimbia wakati farasi wa kamera wanaonekana wameganda hewani. Kuna ukweli mkubwa hapo. Mchoro wa mbio ulionakiliwa kutoka fremu moja unaweza kufanana na mnyama aliyetundikwa. Lakini Rodin alikuwa akizungumzia kazi iliyokamilika, ile inayotundikwa ukutani na kuulizwa kama ina uhai. Hakuwa akizungumzia mazoezi. Anayejua mguu unakaa wapi anaweza kuamua kuunyoosha zaidi ili mbio zionekane, na huo ni uamuzi wa msanii. Asiyejua hana la kuamua, anakosea tu. Wapinzani wa picha huchanganya mambo haya mawili kila mara, zoezi na kazi, na mkanganyiko huo ndio unaoumiza wanafunzi.

Upande wa pili wa wapinzani una mizizi hapahapa kwetu, na unastahili heshima zaidi. Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, nao wakalichora kwa kadiri walivyoliona akilini. Alihofia wageuke waigaji wa Ulaya. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyepita Makerere na kushiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliigeuza hofu hiyo kuwa wito unaojulikana na kila mwanafunzi wa sanaa wa eneo hili: kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Katika zama zile wito huo ulihitajika. Kijana wa Kiafrika aliyefundishwa kwamba mchoro mzuri ni wa mashamba ya Uingereza na theluji ya Krismasi alihitaji mtu wa kumwambia achore migomba ya kwao. Njau mwenyewe alichora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a akayaweka kwenye mandhari ya Ugikuyu, na kazi ile inasimama.

Lakini tazama walichora nini walipochora kutoka moyoni. Sam Ntiro, Mchagga wa Machame, alisoma Makerere, akaenda shule ya sanaa ya Slade jijini London, akarudi huko baada ya uhuru akiwa Balozi wa Tanganyika. Akiwa mbali na nyumbani aliweza kuchora wanaume wakibeba pombe ya ndizi, wanawake shambani, njia za vilima vya Kilimanjaro. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1956 umehifadhiwa katika jumba la MoMA, New York. Aliweza kwa sababu moyo wake ulishajazwa. Alikuwa amezaliwa ndani ya migomba ile. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao za dari, alitoka Tunduru, nchi ya chui na tembo, na wanyama hao aliwabeba kichwani hadi mjini. Wahunzi wa Karagwe waliofua ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu kwa ajili ya hazina ya mfalme waliishi na ng'ombe hao asubuhi na jioni. Kumbukumbu ni ghala: hutoa kilichowekwa. Kijana wa Nyakanazi akifumba macho na kuita farasi, atakuja ng'ombe aliyevuliwa pembe, au punda aliyenenepeshwa, kwa sababu hao ndio waliomo.

Fasihi yetu ilishalielewa hili zamani. Mwaka 1728, kisiwani Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, kisa cha Mtume na jeshi lake dhidi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Tukio analosimulia ni la zaidi ya miaka 1,000 kabla yake, katika jangwa ambalo Mswahili wa Pate hakulikanyaga vitani. Alipata wapi majeshi, silaha na farasi? Katika masimulizi ya Kiarabu yaliyomfikia. Aliyasoma, akayatafuna, akayaweka kwenye bahari ya utenzi kwa lugha ya kwao, na hakuna mhakiki anayemwambia kwamba angesubiri aione vita kwa macho ndipo atunge. Mtunzi anaruhusiwa kujifunza kitu cha mbali kupitia chombo kilichomfikia. Mchoraji ananyimwa ruhusa hiyohiyo kwa sababu gani?

Na tunajua kinachotokea mchoraji, hata awe bingwa, anapokosa picha sahihi. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon. Albrecht Dürer, akiwa Nuremberg, hakumwona. Alipata maelezo ya barua na mchoro wa haraka. Akachonga kifaru mwenye ngozi kama bamba za chuma, magamba miguuni, na pembe ndogo ya ziada iliyosokotwa juu ya mabega. Ni kazi nzuri ajabu, na ni mnyama asiyekuwepo. Vitabu vya Ulaya vilimnakili kifaru huyo kwa zaidi ya miaka 200, hadi kifaru jike aitwaye Clara alipozungushwa miji ya bara lile katika miaka ya 1740 na 1750 na watu wakaona wenyewe. Dürer angepewa picha moja tu ya pembeni, pembe ile ya mabegani isingezaliwa. Hakuna aliyemlaumu kwa kuwa hakupewa. Sisi tunayo picha, na tunamlaumu anayeitumia.

Kuna uigaji unaostahili lawama, na kuufumbia macho ni kuwapa wapinzani ushindi wa bure. Kuna mtu anayechora miraba juu ya picha, akahamisha kila mraba kwenye karatasi, akapaka kijivu mpaka kikafanana, na mwisho wa kazi hajui alichochora ni mfupa au ni kivuli. Mwulize farasi huyo akigeuka, mguu wa pili utakaa wapi, hana jibu. Amehamisha madoa. Hata hivyo dawa yake si kumnyang'anya picha. Dawa yake ni kumfundisha kuihoji.

Chukua huo mguu wa nyuma. Anayeanza huona kiungo kilichopinda kuelekea nyuma katikati ya mguu, akadhani ni goti lililogeuzwa, akauchora mguu mzima kama fito iliyovunjika. Kile ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefunikwa na nyama, na kwenye picha huonekana kama uvimbe mdogo tu mbele ya paja. Kutoka kwenye kisigino kwenda chini ni unyayo ulionyooka wima, kisha kidole kimoja, na kwato ni ukucha wake. Farasi anatembea juu ya ncha za vidole vyake. Miguu ya mbele nayo, kile tunachokiita goti ni kifundo cha mkono. Kiwiko kiko juu kando ya kifua, na bega halikuungwa na mbavu kwa mfupa wowote, limeshikiliwa na misuli. Kijana akishayajua haya, anairudia picha ileile na kuona mstari aliokuwa akiupita: ile kano nene inayopanda kutoka kisiginoni kwenda kwenye paja, yenye kishimo mbele yake ambamo kivuli hukaa.

Hapo Nyakanazi ina faida yake, kwa sababu ng'ombe yupo. Kisigino cha ng'ombe kiko palepale na kano yake iko palepale. Mchoraji anaweza kutoka nje, akamshika ng'ombe mpole, akaisikia kano kwa vidole, akaona inavyokaza mnyama anapohamisha uzito, kisha akarudi kwenye picha akaitafuta kwa farasi. Tofauti nazo zinafundisha. Ng'ombe hukanyaga kwa vidole viwili, kwato imepasuka. Farasi ana kimoja. Mgongo wa ng'ombe huenda karibu sawasawa hadi nyonga zilizochongoka; wa farasi una kilele mwisho wa shingo, ukazama kidogo, ukapanda kwenye matako ya mviringo. Atakayemwona pundamilia wa Burigi-Chato atajifunza zaidi, maana huyo ni ndugu wa karibu: mguu ni uleule, kwato ni ileile, ila singa zake zimesimama kama brashi na mkia una kishungi mwishoni tu. Farasi singa zake huanguka upande mmoja, na nywele za mkia huanzia kwenye shina. Farasi wengi wanaochorwa bila kielelezo hupewa mkia wa punda, na kosa hilo dogo hubadilisha mnyama mzima.

Picha yenyewe nayo ina hila zake, na mwanafunzi lazima azijue. Picha ya simu ikipigwa karibu na uso wa farasi hukuza kichwa na kufupisha mwili, mpaka miguu ya nyuma ionekane ya mbwa. Kipimo cha kujihadhari kinajulikana na wachoraji: urefu wa farasi mzima kutoka kifuani hadi matakoni, na kimo chake kutoka chini hadi kilele cha mabega, kila kimoja ni kama vichwa viwili na nusu. Picha ikikataa kipimo hicho kwa mbali sana, kamera ilisogezwa mno. Kivuli cha jua la mchana hugeuka weusi mtupu chini ya tumbo na kumeza mguu wa ndani. Tandiko hufunika kilele cha mabega. Nyasi hufunika kwato, na mwanafunzi mvivu hupenda picha za nyasi kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo asichore picha moja. Achore farasi mmoja kwa picha nyingi, kwa upande, kwa mbele, kwa nyuma, na asimamishe video ya mbio za Ngong mahali mbalimbali aone mguu mmoja unavyokunjuka kutoka hatua hadi hatua. Kwa bei ya bando la wiki anapata kile ambacho Meissonier alikitafuta kwa reli.

Ipo hoja ya mwisho ambayo hutolewa kwa sauti ya kisheria: picha ni mali ya mtu. Ni kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda picha za kamera kama inavyolinda michoro na nyimbo. Anayehamisha picha ya mwenzake kama ilivyo, akaiuza kwenye fulana au ukuta wa hoteli kwa jina lake, anamdhulumu mpiga picha, naye mchoraji angepiga kelele kama angetendewa hivyo. Lakini daftari la mazoezi halina mteja. Na njia bora ya kuepuka dhuluma hiyo ni ileile inayomjenga mchoraji: ajifunze kutoka picha nyingi mpaka farasi atakayemchorea mteja awe hayumo katika picha yoyote.

Mwaka 1766 Mwingereza George Stubbs alitoa kitabu cha vibao vya maungo ya farasi. Alikuwa amekodi nyumba ya shamba kule Horkstow, Lincolnshire, akakaa humo kwa miezi mingi akichuna mizoga ya farasi tabaka baada ya tabaka, kutoka ngozi hadi mfupa, na kuchora kila hatua katikati ya uvundo. Alifanya hivyo mara moja ili wengine wasilazimike. Vizazi vya wachoraji na waganga wa mifugo wasiowahi kuchuna farasi walijifunza kwa kutazama na kunakili kurasa zake, na leo vibao hivyo vinaonekana bure kwenye simu yoyote iliyo na intaneti, Nyakanazi ikiwemo.

Mwalimu au hakimu wa mashindano anayetaka kujua kama kijana amejifunza au amehamisha madoa anao mtihani rahisi. Aifunike picha. Amwambie amchore farasi yuleyule akiwa amegeukia upande wa pili, ameinamisha kichwa kunywa maji, mguu mmoja wa nyuma umelegea. Akiweza, apewe alama zake zote na asiulizwe tena farasi huyo alimwona wapi. Akishindwa, mwalimu akae naye amwonyeshe kisigino kiko wapi, kisha amrudishie picha zake, na amwongezee nyingine.